Biskuti Zilizokataa Kushindwa

Jumatano, 18 Desemba

Balaa limeanza. Bibi amegonga sinia kwa mwiko jikoni. Maana yake msimu wa biskuti umefunguliwa.

Hakuna atakayesoma humu, lakini naeleza kwa adabu. Kila Krismasi watoto wa nyumba hii huoka biskuti za nyota. Bibi huonja akiwa amefungwa macho kwa mtandio. Mshindi ndiye hupanda kigoda jioni ya mkesha, hutundika nyota juu ya mti, kisha husema neno. Mbele ya watu wote. Wakiwa kimya. Wakimtazama!

Watoto tumebaki wawili. Mimi, na binamu yangu, mtoto wa Mjomba, ambao huja kwetu kila Krismasi. Yeye anaitwa Redio. Mimi naitwa Konokono. Majina yote mawili alitoa Mjomba, na sijaona pa kukatia rufaa.

Redio hushinda kila mwaka. Mwaka jana neno lake lilirefuka hadi chai ikafanya utando. Alimshukuru mpaka fundi aliyechonga kigoda. Nilimpigia makofi kwa moyo wote. Mtu anayesema kwa niaba yako humwonei wivu, unamwombea afya ya koo.

Lakini leo Mama amerudi na siagi. Siagi ya kweli! Sisi ni watu wa majarini. Akasema mwaka huu Konokono atatoka kwenye gamba, ataoka, atashinda, na atasema neno watu wasikie. Mjomba akasema tuombe uzima. Baba akaendelea kukaza soketi. Baba ni fundi umeme na huongea kwa bisibisi.

Sasa kwa nini siwezi. Harusi ya mama mdogo. Nikapewa maiki. Nilikuwa nimekariri wiki nzima: hongereni sana. Nikafungua mdomo, ikatoka: poleni sana. Bwana harusi, kwa mazoea ya watu wote waungwana, akajibu: tumeshapoa.

Ukumbi ulicheka hadi keki ikatikisika. Tangu siku hiyo, nikiingia mahali penye ndugu zangu, lazima mmoja anong'one tumeshapoa.

Halafu watu husema, huyu si anasoma kwa lugha mbili, ya shule na ya nyumbani, atakosaje la kusema? Wanadhani mwenye lugha mbili ana midomo miwili. Mimi nina kimya cha lugha mbili.

Kwa hiyo nimeamua. Nitashindwa. Nitashindwa kwa bidii na maarifa.

Alhamisi, 19 Desemba

Mpango wa kwanza: kumpa Redio siagi yangu. Siagi ikiwa kwake, ushindi uko kwake. Rahisi!

Siwezi kumwambia sababu. Ukimwambia Redio siri saa ya chai, saa ya chakula inasomwa kwenye taarifa ya habari.

Nikamwendea kwa upole, nikasema binamu, chukua siagi hii, mimi nipe majarini yako. Akainusa. Akaigeuza. Akaniuliza nimetia nini. Nikasema sijatia kitu. Akasema ndivyo wanavyosema wote waliotia kitu. Akasema adui akikupa kiti, kikague miguu.

Kisha akapita chumba hadi chumba akitangaza kwamba Konokono amejaribu kumhujumu kwa siagi.

Mama akaniita. Nilijua nimekwisha. Kumbe macho yake yanang'aa! Akasema hakujua kwamba nina uchu wa ushindi kiasi hicho. Akanibusu kwenye paji la uso. Akaniongezea vanila.

Ijumaa, 20 Desemba

Mpango wa pili: kuunguza. Mama alitaka tufanye biskuti za majaribio, na mimi nilitaka zitoke nyeusi kama soli ya kiatu, ili akate tamaa mapema.

Nikakanda. Nikakata nyota kwa kile kibati alichotengeneza Baba kutoka kopo la maziwa. Nikawasha oveni hadi mwisho wa mwisho. Nikaenda kukaa uani, nikaanza kusoma kitabu cha shule kwa utulivu wa mtu anayesubiri moshi.

Moshi haukuja.

Baba alikuwa sebuleni akijaribu taa za mti alizotengeneza mwenyewe. Kila mwaka huzitengeneza. Akachomeka. Pu! Umeme wa nyumba nzima ukakatika. Na ulikatika wakati ule ule ambapo biskuti zangu zilikuwa zimefika rangi ya dhahabu, si sekunde kabla, si sekunde baadaye. Zikabaki humo ndani zikijimalizia kwa joto la taratibu, kama zimefundwa.

Mama akaonja moja akafumba macho. Mjomba akala hadi akaonekana ana huzuni kwamba zimekwisha. Redio alionja kipembe kimoja cha nyota na kwa mara ya kwanza nikaona betri zake zikipungua.

Mama akasema Jumapili nifanye vilevile, nisibadilishe hata chembe.

Baba aliniomba radhi kuhusu umeme. Nikamwambia si kitu. Baba wa watu. Hajui alichonifanyia.

Jumamosi, 21 Desemba

Leo ni siku ya mapambo. Naipenda siku hii. Naiandika kwa sauti ndogo.

Hatununui kitu. Mama ni fundi cherehani, kwa hiyo kuna gunia la vipande: bitana za makoti, lesi za mashela, mapindo ya sare za shule. Redio hukata minyororo ya karatasi. Mimi na Bibi hutengeneza nyota. Ya mwaka huu ina kadibodi ndani, bitana ya hariri ya buluu juu, na pembezoni karatasi ya fedha inayotoka ndani ya pakiti za majani ya chai, ambayo Bibi huikusanya mwaka mzima na kuipasi kwa ukucha. Nikaishonea shanga kwenye kila ncha. Mikono yangu haina haya hata kidogo. Ningekuwa mikono tu ningekuwa mtu maarufu.

Mti wetu ni wa plastiki na umenyonyoka kama kuku wa sikukuu, lakini ukishapambwa unajisahau.

Gundi tunapika kwa unga wa ngano. Bakuli la gundi lilikuwa karibu na bakuli la sukari ya kupambia biskuti. Redio akachovya kidole, akalamba, akasema sukari hii imekolea vizuri. Ilikuwa gundi. Nikanyamaza. Kinywa chake kilitulia kama dakika nzima, na Bibi akamshukuru Mungu hadharani.

Mjomba alikuja kutusaidia, yaani kula. Akanyunyizia mkate wake pilipili. Mjomba hutembea na kichupa cha pilipili kwenye mfuko wa shati, pale wengine wanapoweka kalamu. Siku ya harusi ya mama mdogo nilimwona akiinyunyizia hata keki.

Bibi alikitazama kile kichupa kwa wivu. Maskini Bibi. Nesi wa zahanati alimpima presha akamkataza chumvi, na Mama ni mkali kuliko nesi. Chumvi yote ya nyumba amefungia kwenye droo ya cherehani, pamoja na bobini za nyuzi. Bibi analalamika kila mlo. Anasema watu husema mzee amekula chumvi nyingi, lakini yeye amenyang'anywa kabla hajamaliza fungu lake.

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka.

Chumvi!

Jumapili, 22 Desemba

Naandika bila kutia chumvi. Chumvi yote nimeitia kwenye unga.

Nilimwambia Mama naomba uzi mwekundu. Akanipa ufunguo wa droo bila kuinua macho, alikuwa anapinda suruali. Nikatoka na uzi mkononi na chumvi mfukoni. Palipotakiwa sukari nikaweka chumvi. Palipotakiwa chumvi kidogo nikaweka tena, kwa heshima ya maelekezo. Nilionja unga mbichi. Ulimi wangu ulijikunja kama jina langu.

Saa ya kuonja ikafika. Bibi kwenye kiti chake, mtandio machoni. Mama nyuma yake. Redio akihesabu pumzi.

Bibi akala ya Redio. Akatafuna. Akasema tamu, mjukuu wangu, Mungu akubariki. Redio akaanza kukohoa kidogo, kama mtu anayesafisha koo kwa ajili ya neno.

Bibi akala yangu.

Akaacha kutafuna. Nyusi zikapanda juu ya mtandio. Kwa chini ya mtandio nikaona chozi likishuka shavuni. Nikasema moyoni, samahani Bibi, lakini nimepona.

Akanyoosha mkono. Akachukua ya pili. Akaila polepole, akivuta pumzi kwa pua kama mtu aliyerudi kwao. Akachukua ya tatu!

Kisha akavua mtandio akatangaza kwamba katika umri wake wote hajawahi kula biskuti kama hii. Konokono ameshinda.

Sikuanguka. Nilikaa tu sakafuni ghafla.

Mama alipiga kigelegele, akanyoosha mkono aonje. Bibi akalifunga kopo zima la biskuti zangu na kulikumbatia kifuani. Akasema biskuti za mshindi haziliwi na mtu kabla ya mkesha, ni mila. Mama akasema mila hiyo ndiyo kwanza anaisikia leo. Bibi akasema ndiyo maana yeye ni bibi na Mama ni mtoto. Akaondoka nalo chumbani kwake. Mlangoni akageuka akanikonyeza.

Anajua. Anajua na ameamua kufurahi.

Jumatatu, 23 Desemba

Nesi amekuja, maana anakaa nyumba ya pili na humpima Bibi akitoka kazini. Akafunga kile kitambaa mkononi, akabonyeza, akatazama, akabonyeza tena. Presha imepanda.

Mama aligeuka kama askari mlangoni. Nani kaleta chumvi ndani ya nyumba hii? Macho yake yakamwangukia Mjomba, kwa sababu Mjomba ana historia ya kumletea Bibi karanga za chumvi kwa siri. Mjomba akaapa kwa jina la marehemu baba yao kwamba tangu mwezi wa kumi hajaingiza karanga humu. Mama akasema hata mwizi wa kuku huapa akiwa na manyoya mdomoni. Mjomba amepigwa marufuku kuingia chumbani kwa mama yake mzazi.

Mimi nilikuwa nimesimama pale, nimeshika glasi ya maji ya Bibi. Anakunywa maji siku hizi kama radieta ya gari bovu.

Nilitaka kusema. Naapa. Maneno yalikuja hadi mlangoni mwa meno, yakatazama nje, yakaona watu, yakarudi.

Mchana nikaingia chumbani kwa Bibi kuliiba kopo. Nilidhani amelala. Mkono wangu ulipofika chini ya mto, mkono wake ulikuwa umeshatangulia. Nikamnong'oneza kwamba presha imepanda, naogopa, nirudishie. Akasema presha hupanda na kushuka, yeye si wa kwanza. Nikasema nitamwambia Mama. Akasema nenda, na yeye atamweleza nani aliomba uzi mwekundu.

Nani ananiogopa nyumba hii, kama hata mgonjwa haniogopi?

Nikamwomba angalau aache leo. Akasema haya, kwa ajili yangu tu, leo hali hata moja. Nikatoka. Nikiwa koridoni nikasikia kopo likifunguka.

Jumanne, 24 Desemba

Naandika sasa hivi kabla moyo haujarudi mahali pake.

Asubuhi niliamka na hekima. Mila inasema mshindi atasema neno. Haisemi maneno! Neno ni neno. Nikachagua moja: hongereni. Nikafanya mazoezi mbele ya friji. Hongereni, friji. Hongereni, ndoo. Lilitoka safi mara zote. Nikisema tu, nashuka, basi. Na kopo? Nilipanga kulidondosha chooni wakati watu wanakula. Mipango miwili kwa siku moja! Nilijiona mkubwa.

Jioni watu wakajaa sebuleni. Mama alikuwa amemwalika nesi, kama asante. Bibi akaja amevaa vizuri, kopo mapajani, mikono yote miwili juu ya kifuniko.

Nikapanda kigoda. Baba akakishika miguu, hiyo ndiyo kazi yake kila mwaka. Nikatundika nyota. Iliinama kidogo upande, kama mtu anayesikiliza umbea, lakini ilikuwa nzuri, na taa za Baba zikawaka, na mtu akasema aaah. Ingefaa yote yaishie hapo.

Mama akasema sasa, mshindi akisema neno, mgeni aonje biskuti za ushindi. Bibi akasema mgeni ameshiba. Nesi akasema hajashiba. Bibi akasema kifuniko kimekwama. Mjomba, aliyekuwa anatafuta njia ya kusafisha jina lake, akasema mama, ngoja nikusaidie. Wakavutana kidogo, mama na mwanawe, kwa tabasamu. Kopo likafunguka. Zilibaki chache sana.

Nikaona biskuti inaenda mkononi kwa nesi. Watu kimya. Wakinitazama!

Ndipo Baba, kutoka chini miguuni pangu, akanong'ona sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akisema. Akasema siku ya harusi yake, alipoulizwa kama anamkubali Mama, alijibu: sijambo. Na Mama akaolewa naye hivyo hivyo.

Nia yake ilikuwa njema. Lakini nilikuwa nimebeba neno moja tu kichwani, nimelisawazisha kama yai, na yeye akanipa la pili. Hongereni. Sijambo. Hongereni. Nikafungua mdomo.

Poleni.

Ndivyo ilivyotoka. Na ukoo mzima, kama kwaya iliyofanya mazoezi, ukajibu kwa sauti moja: TUMESHAPOA!

Kicheko kikapasuka. Na katikati ya kicheko hicho nesi akauma biskuti.

Akaacha kutafuna. Akashika kiti. Akasema, mimi sijapoa. Maji!

Kicheko kikakatika kama umeme wa Ijumaa. Mama akachukua biskuti, akauma, akaitazama. Akamtazama Bibi. Akanitazama mimi, bado niko juu ya kigoda chini ya nyota. Midomo yake ikaanza kutetemeka.

Nilijua ndiyo mwisho. Lakini Mama akaweka mkono kifuani akasema, jamani, mmesikia? Mtoto ameomba radhi mwenyewe! Hakusubiri kuulizwa. Amekosea, chumvi imeingia badala ya sukari, na amepanda mbele ya watu wote, pamoja na haya yake yote ile, akasema poleni. Akalia kabisa.

Nesi, akiwa na glasi ya tatu, akasema watu wazima wengi hawana ujasiri huo. Mjomba akasema angependa pia kuombwa radhi yeye, kuhusu karanga. Redio hakusema kitu. Redio! Friji ilisikika.

Na Bibi, kwa utulivu mkubwa, akasema yeye kama mwathirika amenisamehe. Amenisamehe! Na chembe za biskuti kidevuni!

Nilitaka kusema ukweli, kwamba ulimi uliteleza tu. Lakini hilo lingehitaji maneno mengi.

Alhamisi, 26 Desemba

Presha ya Bibi imeanza kushuka. Nesi amelichukua kopo kama ushahidi. Mjomba ameruhusiwa chumbani. Redio alinisogelea jana kwenye uji, akaniuliza kwa unyenyekevu nilijuaje kwamba neno moja lingetosha, yeye mwaka jana alitumia mengi na hakuna aliyelia. Nikamwangalia tu kwa macho ya mtu anayejua. Akarudi nyuma hatua moja. Raha iliyoje!

Lakini raha ya Konokono ni fupi kama njia yake.

Leo mchana Mama ametangaza kwamba mtoto wake sasa ni msemaji. Mjomba akasema vizuri sana, kwa sababu Mwaka Mpya tutakuwa kwake, na ameona tuoke biskuti tena huko, mshindi afungue sherehe kwa neno. Si neno moja, amesisitiza. Neno la kutosha. Watakuwepo majirani wake wote, na wenzake wa kazini, na maiki. Bibi amefungiwa kuonja, kwa amri ya nesi, kwa hiyo safari hii mwamuzi atakuwa Mjomba mwenyewe.

Nilienda nikakaa uani nikatafakari kwa kina, maana mtu lazima ajifunze kutokana na makosa.

Nimejifunza. Mpango ulikuwa mzuri, kiungo ndicho kilikuwa kibaya. Chumvi ilikuwa kosa kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeitamani. Ningefikiria mapema ningeona. Kinachotakiwa ni kitu ambacho hakuna binadamu mwenye akili timamu anayeweza kukivumilia kwenye biskuti.

Pilipili.

Nyingi. Hadi unga uwe mwekundu. Mwamuzi akiuma mara moja tu, nitakuwa wa mwisho, maiki itakwenda kwa Redio, na mimi nitapiga makofi kutoka nyuma ya pazia.

Ya kutumia nimeshaipata, tena kali. Nitaiazima kimyakimya Mjomba akiwa amelala. Anaiweka kwenye mfuko wa shati.